Fundi Sponji Anauliza Simu Imejaa Nini

Mtaa mzima ulimwita Fundi Sponji, jina ambalo mwenyewe hakuwahi kulisikia, kwa kuwa alizaliwa kiziwi. Alilijua kwa kulisoma midomoni mwa watu. Baadaye mchoraji wa vibao akaliandika juu ya mlango wa karakana yake kwa rangi nyekundu, bila kutumwa na mtu. Fundi alipoliona alicheka, akaliacha pale pale.

Kazi yake ilikuwa kuvisha upya makochi na viti. Aling'oa kitambaa kilichochakaa, akafunga upya springi zilizolegea, akakata sponji na kuvuta kitambaa kipya mpaka kikakaa bila mkunjo hata mmoja. Mkewe, ambaye anasikia, ndiye aliyeshona foronya kwenye cherehani iliyokuwa dirishani. Akitaka kumwambia jambo mumewe naye ameinama, humrushia kipande cha sponji mgongoni. Mume akageuka, mikono ikaanza kuzungumza.

Alikuwa mtu wa kuuliza. Mteja akileta kochi lililozama upande mmoja, fundi hatulii mpaka ajue nani hukaa upande huo, hukaa vipi, na kwa nini upande wa pili ni kama haujawahi kukaliwa. Mkewe ndiye aliyelazimika kuyatafsiri maswali hayo, na mara nyingine aliyapunguza makali, maana si kila mtu anapenda kueleza kwamba baba mwenye nyumba na mama mwenye nyumba hawakai tena kochi moja.

Dada yake mkubwa, naye kiziwi, alikuwa mwoka mikate katika mji mwingine. Kila siku mikate ikishatoka kwenye tanuri, alikaa juu ya magunia ya unga, akaegemeza simu kwenye mkebe wa hamira na kumpigia mdogo wake kwa video. Waliongea kwa alama walizojifunza utotoni, nyingine za shule ya viziwi, nyingine za nyumbani tu, zilizobuniwa na mama yao ambaye hakuwahi kufundishwa na mwalimu yeyote. Mama alikuwa ameshafariki. Lugha yake ilibaki na watu watatu: fundi, dada, na mke wa fundi aliyeipata kwa kuolewa.

Simu ikaanza kuwatia tabu. Dada angekuwa katikati ya kisa kitamu, mara mikono yake inaganda. Mkono mmoja umeinuliwa, vidole vimeachana, na fundi hajui kama neno lililokuwa linakuja ni "mgeni" au "mwizi". Kwa mtu anayesikia, picha ikiganda sauti huendelea kidogo. Kwao wawili picha ikiganda kila kitu kimekatika, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Siku moja baada ya kuganda hivyo mara kadhaa, dada alirudi kwenye simu akiwa na jibu. Muuza duka jirani yake alikuwa amemwekea programu ya kupima kumbukumbu ya simu, yenye picha ya ufagio. Ilionyesha duara jekundu, na ndani yake tisini na mbili kwa mia.

"Imejaa," alisema kwa mikono. "Ndiyo maana inaganda. Nitafuta zile video za mama, ndizo kubwa kuliko vyote."

Katika video zile mama alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni, anamgombeza kwa mikono, anamsengenya shangazi, anaeleza vile alivyompata baba yao na kutia chumvi kila mahali. Za kwake fundi zilipotea zamani, simu yake ilipotumbukia kwenye ndoo ya gundi. Dada alishajaribu kumtumia nyingine, zikawa zinagoma njiani kwa uzito.

Angeweza kumsihi tu asizifute. Lakini kilichomjia kwanza kilikuwa swali. Simu zao zilikuwa za aina moja. Dada alinunua, fundi akaipenda, akanunua kama ile. Na yeye pia alikuwa na programu ya kupima, ya mshale kama wa mita ya gari, na mshale wake ulisimama kwenye hamsini na nane.

"Subiri kwanza," alimwambia. "Yangu inasema vingine. Nipe muda nijue imejaa nini."

Dada alikubali, ila kwa uso wa mtu anayemjua mdogo wake.

Fundi hakujua kwamba alikuwa amejitafutia kazi. Alidhani simu mbili zimetofautiana kwa sababu ya vitu vilivyomo, basi. Ili kuhakikisha, akaweka ile ya ufagio kwenye simu yake mwenyewe. Ikamwambia tisini na mbili. Akafungua ya mshale: hamsini na nane. Akatafuta ya tatu, yenye nguzo ndogo ndogo za rangi ya bluu, nayo ikasema themanini na tatu. Simu moja, mkono mmoja, dakika moja, na kila moja na lake. Alizifungua tena kwa kuzigeuza zamu, asije akawa ndiye anayeziharibu kwa kuanza na hii badala ya ile. Hazikuafikiana.

Seremala wa karakana ya jirani, rafiki yake wa siku nyingi, aliitwa kuja kutazama. Alama za seremala zilikuwa chache na kubwa kupita kiasi, kama mtu anayeongoza lori kurudi nyuma. Alionyesha kwamba simu imezeeka, aitupe anunue nyingine. Fundi akamshukuru, akaendelea kutazama kioo.

Siku zilizofuata mkewe aliona makochi yanachelewa. Mume alizima simu, akaiwasha, akazipima programu zote tatu kabla hajafungua kitu kingine. Akafungua kamera, akapima. Akafunga, akapima. Mshale ulipanda na kushuka, nguzo nazo zilicheza kidogo. Ufagio haukujali. Ulisema tisini na mbili. Ukibonyeza pale palipoandikwa SAFISHA unazunguka kwa mbwembwe, unashuka mpaka sitini, na ukiufungua tena kesho yake uko tisini na mbili. Akauweka kwenye simu ya mkewe, ambayo haikuwa na kitu zaidi ya picha za mitindo ya foronya. Tisini na mbili.

"Huyu ni kama mtu anayejibu 'nzuri' kabla hujamsalimia," mkewe alisema, na fundi akacheka mpaka akalazimika kuweka mkasi chini.

Basi ufagio alishauweka kando moyoni mwake. Lakini nguzo na mshale zilimkaa kichwani. Zote mbili zilionekana kutazama kitu kweli. Iweje basi watazamaji wawili waaminifu watofautiane kiasi kile?

Wakati huo huo alikuwa anavisha viti vya ofisi fulani, na mwenye ofisi, mama mmoja aliyevaa miwani mikubwa, alikuja kuchagua rangi. Mke wa fundi alikuwa amesikia kwamba ofisi ile hutengeneza programu za simu, akamwambia mumewe. Fundi akasahau rangi kabisa. Akamwekea yule mama simu yake mkononi, akafungua moja, akafungua ya pili, akainua mabega. Mkewe alitafsiri swali, safari hii bila kulipunguza makali.

Mama yule hakuwa na haraka. Alivuta kochi lisilo na kitambaa bado, akakaa juu ya springi, akatazama huku na huku ndani ya karakana. Meza kubwa ya kukatia ilikuwa katikati. Juu yake palikuwa na kiti kilichovuliwa, roli ya kitambaa cha kijivu, chaki, bunduki ya pini, na vipande vya sponji vilivyobaki na kazi ya asubuhi. Akamgeukia seremala, ambaye alikuwa amekuja kuazima gundi na hakuonekana kuwa na mpango wa kuondoka.

"Hebu niambie, meza hii imejaa au haijajaa?"

"Imejaa," seremala akasema. "Hata kikombe hakipati pa kukaa."

"Haijajaa," mke wa fundi akasema kutoka kwenye cherehani. "Kinachofanyiwa kazi ni kiti tu. Hivyo vingine ameviacha karibu kwa sababu atavihitaji. Nikivisogeza, kochi zima linakaa hapo."

"Ukishavisogeza, shemeji. Sasa hivi imejaa."

"Sasa kusogeza sponji ni kazi ya mwaka?"

Wakashikana maneno kweli kweli, kila mmoja na hoja yake, na fundi akiwatazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyekaa katikati ya uwanja. Mama wa viti aliwaacha mpaka wakachoka.

"Hizo ndizo programu zako mbili," akasema. "Hakuna anayekudanganya. Ya nguzo inahesabu kila kilichoko mezani. Ya mshale inahesabu kile tu ambacho haiwezi kukiondoa papo hapo. Simu huacha vitu karibu makusudi, ili ukivitaka tena visichelewe."

Tafsiri ilichukua muda mrefu kuliko maneno yenyewe, kwa sababu mke wa fundi aliongeza katikati kwamba upande wake ndio wenye akili. Fundi aliikodolea meza macho. Akagusa vipande vya sponji, akagusa kiti, akagusa simu. Kisha akauliza lile ambalo hakuwa amelisema kwa mtu yeyote karakanani isipokuwa mkewe: na video je, nazo ziko mezani?

Mama yule akaonyesha kwa kidole mlango wa stoo, mle ndani maroli ya vitambaa yalimopangwa mpaka darini.

"Video ziko kule. Watu husema 'memori imejaa' kwa vyote viwili, ndiyo maana wanachanganyikiwa. Stoo ikijaa kabisa nayo huleta shida, lakini simu yenyewe itakwambia, kwenye ukurasa wa hifadhi. Kwa meza hii, unaweza kufuta video zote na isipungue kitu."

Kuhusu ufagio alikuwa mwangalifu. Alisema hamjui aliyeutengeneza na hawezi kumlia kiapo, lakini kipimo kinachosema jambo lile lile kwa kila simu si kipimo. Akaongeza kwamba programu za namna ile hupita zikifunga kila kilichofunguliwa, simu ikavifungua tena, kazi ikawa mara mbili. Baada ya hapo akachagua kijivu cha rangi ya majivu, akaaga.

Mtu mwingine angeridhika. Fundi alirekodi video ndefu isiyo na maana ya kochi lililosimama ukutani, akautazama mshale, akaitazama nguzo, akaifuta video, akatazama tena. Havikutikisika. Akafungua ukurasa wa hifadhi, na huko ndiko nafasi ilikoongezeka. Hapo ndipo alipoamini, na hapo ndipo alipompigia dada.

Alimweleza yote: meza, stoo, seremala na mkewe walivyogombana. Dada alisikiliza kwa macho, unga ukiwa umemganda kwenye nyusi. Aliuliza maswali mawili matatu ya mtu asiyetaka kuonekana ameshindwa. Alitaka kujua, kwa mfano, kama video haziko mezani, kwa nini muuza duka alisema ni zenyewe. Fundi akamjibu kwamba muuza duka aliambiwa na ufagio.

Dada akafungua ukurasa wa hifadhi mbele yake. Stoo yake ilikuwa bado na nafasi ya kutosha.

"Nilikuwa nimeshaichagua ya kwanza," alisema. "Ile ya kigoda. Kidole kilikuwa juu ya kufuta."

Fundi akamrudishia alama ya mama ya "nyamaza ule", ambayo haikuhusiana na lolote, na wote wawili wakacheka.

Ufagio uliondolewa siku hiyo hiyo. Mambo yakatengemaa, ingawa si yote. Mikono ya dada ilikuwa inaganda mara moja moja bado, na ilichukua siku nyingine za kuchunguza kugundua kwamba hayo yalikuwa ya mtandao: kuta za chumba cha tanuri zilikuwa nene mno. Akahamishia magunia yake karibu na mlango wa nyuma. Video za mama akazinakili kwenye kadi ndogo ya kuhifadhia, akamkabidhi dereva wa kampuni ya mikate anayepita njia ile, na kadi ikafika karakanani ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na mkate wa maziwa. Mke wa fundi aliziangalia zote, na akagundua alama mbili alizokuwa akizikosea tangu aolewe.

Fundi hakuziondoa programu zake mbili. Aliziweka zote juu ya kioo, nambari zao zikiwa pembeni, ndogo kama sisimizi, na akawa anazitupia jicho siku nzima kama wengine wanavyotupia jicho saa. Punde akaona jambo jipya. Kila alipoanza kuongea na dada kwa video, mshale ulipanda kwa kasi ukaikaribia nguzo, na nguzo yenyewe isisogee sana. Aliwaza: vipande vya sponji vimeondolewa, kochi kubwa limewekwa, meza ni ile ile. Ilionekana sawa. Lakini ni nani anayeamua kipi kiondolewe kwanza, mkasi au chaki? Viti vya ofisi vilikuwa bado havijachukuliwa, kwa hiyo mama wa miwani angerudi, naye angemuuliza.

Alikuwa akiliwaza hilo, macho yakiwa pembeni mwa kioo, alipoona dada anapunga mkono kwa nguvu.

"Unaangalia wapi?" dada akauliza. "Mimi niko hapa."

Fundi akayarudisha macho usoni pake, akaomba radhi, na akamwambia aanze tena tangu pale mgeni, au alikuwa mwizi, alipoingia mlangoni.