Salamu Nilizozipeleka Baharini

Usiniamini ukitaka, lakini usiniambie niliota. Ilikuwa saa nane mchana, jua liko utosini, nimeshiba, na akili zangu zote ninazo. Mimi ni dereva wa basi hapa Birmingham, mwaka wa kumi na moja sasa, na dereva anayeona vitu visivyokuwapo hadumu kwenye usukani. Kwa hiyo nisikilize kwanza, halafu useme utakalo.

Nianze na Mama Kusum, maana kisa ni chake. Mhindi wa Mombasa, mzaliwa wa Makadara, na Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Yeye na mumewe, Bwana Harish, walikaa mtaa wa Edgbaston, hapa hapa mjini, miaka mingi, na kila Septemba walikwenda kisiwa kimoja cha Ugiriki, kile kile, hoteli ile ile. Mwaka juzi Bwana Harish aliingia baharini kuogelea, hakutoka. Walimtafuta kwa mashua na kwa helikopta, wakapata taulo lake tu juu ya jiwe. Binti yao Bhavna akaiuza nyumba ya Edgbaston, akamleta mama yake akae naye Handsworth, nyuma ya Soho Road. Na tangu alipohamia pale, yule mama akaacha kula.

Hakuwa mgonjwa. Walimpima kila kitu wasione kitu. Chai na nusu chapati, basi, siku imekwisha. Nikimaliza zamu nilikuwa nampitia na bakuli la mbaazi za nazi, maana nyama hali, naye angeonja kijiko kimoja asinivunje moyo. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa. Bhavna alikuwa akinisindikiza mlangoni huku analia kimyakimya. Ilikuwa wazi kwetu sote kwamba akiendelea hivyo, mwaka hataumaliza.

Siku moja akaniambia lililokuwa likimla. "Mama Zuhura, Harish akirudi atakwenda Edgbaston. Atabisha hodi, atafunguliwa na watu asiowajua. Hajui kama nimehama." Ungemjibu nini? Nilimshika mkono tu.

Sasa mwaka huu binti yangu Zuhura alimaliza chuo, akasema lazima anipeleke likizo. Zuhura amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Akachagua mahali kwenye simu yake. Kumbe, wallahi, kisiwa chenyewe ni kile kile. Nilikwenda kumwambia Mama Kusum nikiwa na hofu ya kumtonesha kidonda. Badala yake aliketi wima kitandani, mara ya kwanza kwa miezi, akaanza kunipangia safari.

"Ufuo wa viti vya kukodi muuache kwanza. Pandeni ngazi za kijiji cha juu asubuhi, kabla mawe hayajashika moto. Kwenye nyumba ya watawa, mwanao akivaa kaptura watampa sketi mlangoni. Achague ya buluu, ile nyekundu inawasha. Kuleni pweza pale wanapomwanika kwenye kamba. Mkodi mashua mzunguke mapangoni, mwambieni nahodha azime injini ndani. Na upande wa pili kuna chemchemi ya moto inayotoka baharini, ni nzuri kwa magoti." Halafu akashusha sauti. "Nyuma ya kanisa jeupe kuna ghuba ndogo. Nenda mchana, maduka yakifungwa. Nisalimie Harish. Mwambie nimehama."

Wewe mwenyewe unajua kwetu salamu haikataliwi. Mtu akikwambia nisalimie fulani, unasema zitafika, hata kama huyo fulani humjui sura. Nikasema zitafika. Sikufikiri mara mbili.

Basi tukaenda, na sitakudanganya, kisiwa ni kizuri. Kila alichosema yule mama tulikikuta. Zuhura alikaidi akavaa sketi nyekundu, akajikuna mpaka jioni, nami nilicheka nikashika mbavu. Pweza nilimla siku tatu mfululizo, kachomwa mkaani, kakamuliwa ndimu. Ndani ya pango nahodha alizima injini, tukasikia maji yakipumua kwenye kuta, na binti yangu aliyezoea kusema bila kituo alinyamaza. Magoti yangu niliyaloweka kwenye ile chemchemi mpaka ngozi ikakunjamana.

Jumatatu ndiyo nikaenda kwenye ghuba. Zuhura alikuwa amekwenda kutafuta aiskrimu. Mahali penyewe hapakuwa na mtu. Mawe meupe, maji ya kijani, na paka mmoja amelala kivulini. Nilisimama ukingoni nikijiona mjinga, lakini amana ni amana. Nikasema kwa sauti, huku najicheka, "Bwana Harish, Mama Kusum anakusalimu sana. Anasema amehama."

"Amehamia wapi?"

Alikuwa amesimama majini, maji yamemfika kifuani, hatua tatu hivi kutoka nilipo. Mzee wa Kihindi, fulana nyeupe, uso umejaa afya. Niliogopa? Hata kidogo. Nilidhani ni mtalii, Mhindi wa kwetu anayekaa Leicester, kasikia mzaha wangu akaamua kuudakia. Unatujua tulivyo. Ukisikia Kiswahili ugenini, dakika tano hazipiti umeshamweleza mwenzio presha yako ikoje. Na isitoshe kaniuliza njia. Dereva ukimuuliza njia, umemkuna panapomwasha.

Nikamwelekeza kama ninavyomwelekeza abiria yeyote. "Ukishuka uwanja wa ndege, panda treni mpaka mjini. Pale chukua basi la Soho Road, ukae upande wa kushoto. Ukiliona hekalu la Masingasinga, usishuke, ngoja kituo kinachofuata. Rudi nyuma kidogo, ingia mtaa wa pili. Mlango wa kijani, dirishani kuna chungu cha mrihani. Yeye yuko chumba cha juu." Alirudia maneno yangu yote, kituo kwa kituo, hakukosea hata kimoja. Niliona nywele zake ni kavu, zimechanwa na kupakwa mafuta, nikaona na nikapuuza. "Salamu zimefika," akasema.

Nikasikia Zuhura nyuma yangu akiuliza, kwa Kiingereza chake, nazungumza na nani. Nikageuka kumwonyesha. Maji yalikuwa matupu, hata kiwimbi hakuna.

Zuhura alinicheka, akanipa aiskrimu zote mbili nimshikie, akaingia majini mwenyewe ahakikishe hakuna mtu aliyezama. Hatua ya kwanza, maji magotini. Hatua ya pili, akatoweka kichwa na nywele. Anaogelea vizuri, alhamdulillahi, akaibuka anakohoa, akaniambia pale hapana pa kusimama, ni shimo tu linashuka. Na yule mzee alikuwa amesimama.

Likizo niliimaliza, sikukata tiketi ya kukimbia. Tulirudi Ijumaa, na Jumamosi nikapita kwa Mama Kusum na mbaazi zangu.

Bhavna alinifungulia akiwa anacheka. Mama anakula, akaniambia, tangu Jumanne anakula. Anaomba kichiri, ule wali uliopikwa na dengu, sahani mbili, na zote mbili zinarudi zimekombwa. Akanikumbatia pale mlangoni kwa furaha, masikini, nami nikamkumbatia. Ila kuna bomba linavuja mahali, akasema, zulia la ngazini kila asubuhi limelowa na fundi haoni pa kuziba. Nilipokuwa napanda nikagusa zulia, nikaweka kidole ulimini. Chumvi.

Juu nilimkuta Mama Kusum ameketi dirishani, mashavu yamerudi. Mbele yake palikuwa na kiti cha pili, kitupu, lakini hakunikaribisha nikikalie. Nilibaki nimesimama.

"Alifika bila kuuliza mtu," akaniambia. "Anasema ulimweleza vizuri sana."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia fahari kidogo. Kisha nikamuuliza, "Atakaa, Mama?"

"Akae afanye nini kwenye baridi hii? Amekuja kunichukua. Nimemwambia asubiri nipate nguvu, safari ni ndefu. Ndiyo maana nakula."

Nilimsihi. Nilimwambia Bhavna anakuhitaji, nami nakuhitaji. Akanipapasa mkono kama anayembembeleza mtoto. Nikakigeukia kile kiti kitupu, nikamwambia mwenye nacho aende zake amwache mkewe. Mama Kusum akakasirika, akasema nisimtukanie mgeni wake, na sahani yake akaisukuma kando. Hapo nikaufyata. Maana nikimfukuza mzee, mama ataacha kula afe. Nikimwacha, anakula, ataondoka. Niambie wewe ungefanya nini.

Nilishuka nikamkuta Bhavna anasukuma chapati huku anaimba. Nilipaswa kumwambia. Sikuweza, nikaaga nikaenda zangu.

Jumapili iliyofuata, asubuhi, walimkuta amelala juu ya shuka, amevaa sari yake nzuri, koti, soksi na viatu. Walisema ni moyo. Siku ya kumuaga nilimwita Bhavna pembeni nikamweleza yote, kwani sikuweza kukaa nalo. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Wewe ndiye uliyemwonyesha mlango wetu."

Bado naendesha basi. Wenzangu wa depo, wale Wakongo hasa, hunicheka, maana mtu akiniambia nisalimie fulani, nauliza kwanza kama yu hai, na nisipojibiwa sipokei. Wacha wacheke. Wewe nenda Ugiriki, panda ngazi, kula pweza, chagua sketi ya buluu. Lakini anayekuuliza nyumba ya mtu, hata akikuuliza kwa lugha ya mama yako, mwangalie amesimama juu ya nini kabla hujafungua mdomo.

Juzi nilipita kwa Bhavna. Nyumba ina watu wengine, Wapolandi, hawamjui. Amehama, na hakuna anayetaka kuniambia ni wapi.