Mzee wa Kubaki Kambini

Juzi nilimwona binti yangu akipanga kikosi chake kwenye mchezo wa simu: wanne waende kupigana na joka, mzee mganga abaki kambini. Nikakumbuka mchana mmoja nikicheza hivyohivyo, nyumba ikinuka bukari, ugali wa kwetu, na samaki wakavu, na yaya Kalala, kaka yangu mchimbaji, yuko nyumbani saa ambayo siku zote alikuwa shimoni.

"Ule muzee, juu ya nini unamuacha?" aliniuliza.

"Hana na nguvu, yaya."

"Sasa atakula na nani?"

Nilicheka, maana watu wa mchezo hawali. Nilifurahi tu kwamba yaya amekuja kula nasi. Sikujua kuwa asubuhi ile wenzake wa shimo walikuwa wamemtoa kikosini, kwa sababu ya kikohozi.

Joka nililishinda bila mzee, na yaya akanipigia makofi.