Rola Mbele ya Chumba cha Mama

Shemeji yangu hakulia siku tuliyomzika kaka. Nalisema hili mapema kwa sababu mtaani kwetu lilisemwa kabla ya mambo mengine yote, na wapo waliofunga safari kuja kulihakikisha kwa macho yao. Aliketi mkekani, akaitikia kila pole kwa "asante", kisha akawakumbusha waliokuwa jikoni kwamba maji yanachemka. Mama, aliyekuwa amelia mpaka sauti ikamkauka, alimtazama kwa jicho ambalo sisi wanawe tunalifahamu tangu utotoni.

Mimi sikushangaa, maana nafanya naye kazi. Mimi ni dereva wa rola, zile mashine za kushindilia udongo wa barabara, na yeye ndiye anayezibuni, katika karakana yetu. Hata kaka alimpata kwa sababu yangu. Alikuja kuniletea funguo, akamkuta mwanamke amelala chini ya mashine, miguu tu ndiyo inaonekana, naye akaisalimu miguu. Ikaitikia. Wakaoana. Kaka alikuwa mwashi na mtu wa mizaha, na moyo wake ulisimama Jumanne moja asubuhi akiwa anafunga kamba za viatu.

Shemeji alirudi kazini kabla majirani hawajamaliza kuchukua viti vyao. Hapo ndipo maneno yalipokolea. Yeye anakaa vyumba vya nyuma vya nyumba ya mama, na mama alihakikisha maneno yake yanapenya ukuta.

"Asiyemlilia mumewe ana kazi gani humu ndani? Barabara ikiisha, akusanye vyake arudi kwao."

"Mama, barabara inahusikaje?"

"Inahusika. Mpaka hapo namhitaji."

Alimhitaji kweli. Barabara ya mbele ya nyumba ilikuwa inajengwa upya, na nyumba ya mama ni ya matofali ya udongo, imesimama kwa mazoea tu. Rola ya kawaida ikifanya kazi, gurudumu lake la chuma hudunda. Linapiga ardhi haraka haraka, na kila pigo husafiri chini kwa chini hadi kwenye misingi ya watu. Mtaa wa pili kuta zilikuwa zimekwisha pasuka. Chumba cha mbele cha mama kinakaribia kuigusa barabara, na lipu yake aliipiga kaka kwa mkono wake. Tangu msiba mama alihamia humo, akatangaza kwamba hatoki. Rola ikipita, ipite naye yumo ndani.

Kwa hiyo kila kitu kiliangukia kwenye mashine ambayo shemeji alikuwa ameihangaikia muda mrefu, rola yenye tabia mbili. Ndani ya gurudumu lake kuna vyuma viwili vizito, vimefungwa kombo kwenye mihimili inayozunguka. Vikivuta pamoja, gurudumu linadunda. Kimoja kikigeuzwa kikavuta kinyume cha mwenzake, haliruki tena. Linang'ang'ania chini na kuusukuma udongo mbele na nyuma, kama mtu anayekanda unga. Karakana nzima tunasema hivyo, kudunda na kukanda. Palipo wazi unadunda, penye nyumba unakanda.

Taabu ni pale pa kubadili. Mhimili lazima usimame kabisa ndipo ugeuzwe upande. Ukiuharakisha, chuma kinakwama katikati, na rola inarukaruka kama punda aliyeumwa na nyuki. Dereva mwenzangu, tunayemwita Mbio, alilifanya hilo uwanjani kwetu na madirisha ya ofisi yakamwagika yote. Akasema ni upepo.

Shemeji alibuni kizuizi cha kumzuia dereva mwenye pupa, na alikichora juma lile lile la msiba. Nilimuuliza anawezaje.

"Shemeji," akaniambia, bila kuinua kichwa, "nikikaa nyumbani sisikii chochote moyoni. Nikikaa hapa sisikii chochote vilevile, ila kazi inakwenda."

Alilisema kama anayetaja bei ya misumari. Nikarudi kwenye rola yangu.

Sasa, karakana yetu ina desturi ya zamani. Siku ya jaribio la kwanza nje ya uwanja, aliyebuni mashine husimama mahali ambapo ikiharibika itamwumiza yeye kwanza. Aliyebuni winchi husimama chini ya mzigo. Ni ujinga, lakini umetupunguzia wabunifu wazembe. Basi asubuhi ile, mtaa mzima ukiwa umejaa kwenye vibaraza, shemeji alimkabidhi msimamizi kompyuta yake, akavuka barabara, akaingia chumba cha mama. Hawakuwa wamekaa pamoja tangu maziko. Nilimwona kupitia dirishani akivuta kigoda, akaegemeza mgongo kwenye ukuta ule ule wa barabarani.

Nikawasha. Kutoka kwenye kiwanja cha wazi nilikuja nikidunda, vumbi linapanda, watoto wanashangilia. Nilipofika pembe ya nyumba nikasimama. Msimamizi akanipungia mkono nisonge, nikajifanya kipofu. Mhimili ulipungua, ukapungua, ukatulia. Nikageuza. Kizuizi kiliniachia kwa mlio mdogo. Nikasonga mbele.

Nilipita pole pole mbele ya dirisha la mama. Bati halikulia. Kopo la maua lililokuwa dirishani lilikaa kama lilivyowekwa. Nilirudi kinyumenyume, nikapita tena, na vibaraza vikaanza kutawanyika kwa kukosa la kutazama. Nikazima nikaingia ndani.

Walikuwa wamekaa bega kwa bega, wote wawili wakiutazama ukuta wa pili.

"Umeanza?" mama aliniuliza.

"Nimemaliza."

"Mbona hapakutikisika? Au mlizima nikadhani mnafanya kazi?"

"Haikuzimwa, mama," shemeji alisema. "Ni kazi ile ile, udongo umeshikana vizuri tu."

Mama akamgeukia.

"Umekaa hapa ili kunilinda?"

"Hapana. Ndiyo desturi ya kazi."

Nilifumba macho. Mtu mwingine angesema uongo mdogo, angepata nyumba. Nikangoja mama atamke lile la kukusanya vyake.

"Mimi nilitaka iporomoke," mama akasema.

"Mama!" nikamaka.

"Nyamaza, nazungumza na mwenzangu. Nilikaa hapa nikiomba ukuta uniangukie, hata lipu yake tu, nione kama nitashtuka. Sijashtuka tangu siku ile."

"Lakini ulilia, mama," shemeji alisema. "Ulilia mpaka ukakauka sauti."

"Nililia kwa kuwa watu walikuwa wananitazama. Mama wa marehemu atakosaje kulia? Walipoondoka nilijifungia humu nimlilie mwanangu mwenyewe, halikuja hata chozi moja. Nikakusikia wewe upande wa pili wa ukuta, kimya. Nikakuchukia, kwa sababu wewe hukujifanya."

Sikujua niweke wapi mikono yangu. Nje, msimamizi alikuwa anapiga honi, na nilitamani kutoka nikamvunjie hiyo honi yake. Shemeji hakumkumbatia mama, wala mama hakumshika mkono. Walikaa tu vile vile.

"Nilidhani ni mimi peke yangu," shemeji alisema mwishowe.

"Hata mimi."

Halafu mama akauliza, kwa ile sauti yake ya kugawa kazi ambayo hatukuwa tumeisikia tangu msiba, kama vyumba vya nyuma bado vinavuja.

"Kimoja kinavuja."

"Hamia huku mbele basi. Kitanda ni kipana." Akanigeukia. "Na wewe umesimama kama mlingoti kwa nini? Kamletee mwenzangu vitu vyake."

Nikaenda kuvileta. Vilikuwa vimekwisha fungwa, vyote, vimepangwa mlangoni.