Waliokomea Swali la Tisa

Kila asubuhi, kabla hajasema na mtu, Bi Simu alivifuta visikizi vyake kwa pindo la gauni, kisha akavipuliza kama anapoza chai. Jina hilo alipewa na wenzake ofisini, wakidai huyu hata jiwe akilipigia litapokea. Kazi yake, iliyomlisha yeye na mama yake, ilikuwa kuwapigia watu walioanza kujaza dodoso la mtandaoni wakaliacha njiani, awaulize wamekwama wapi.

Kwa miaka sita alisikia yaleyale. Chaji imeisha. Mtoto amelia. Maswali marefu kama treni.

Safari hii wakakwama mia mbili na themanini, wote swali la tisa. Swali lenyewe jepesi: ukipatwa na shida unamkimbilia nani? Chagua ndugu, rafiki au jirani. Usipochagua, huendi mbele.

Akaanza na fundi saa mmoja. Fundi akacheka kidogo, akasingizia chaji. Bi Simu hakukata simu.

"Sina mtu, mama," fundi akasema mwishowe. "Nikaona nisiwadanganye."

"Si ungebonyeza jirani tu, baba? Nani angejua?"

"Mimi."

Akapiga simu mpaka koo likakauka. Mwalimu mstaafu, vilevile. Mama wa watoto watano, vilevile. Dereva wa lori alilitazama swali lile dakika arobaini nzima, kisha akazima simu akalala. Bi Simu akasisimka mwili mzima. Watu hawajuani, kila mmoja peke yake na kioo cha simu yake, hakuna anayewaona, na wote wamekataa kusema uongo wa kidole kimoja.

Meneja hakusisimka. Mteja aliyeagiza dodoso alitaka fomu zilizojaa ifikapo Ijumaa, basi akamwagiza awawekee wote jirani. Bi Simu akaomba kiongezwe kisanduku cha "hakuna". Meneja akasema dodoso limeshapitishwa, na asiyeiweza kazi mlango anauona.

"Ni kubonyeza tu, dada," akamalizia kwa upole. "Humuumizi mtu."

Bi Simu akafungua fomu ya fundi saa. Akapeleka kidole kwenye neno jirani, kidole kikagoma. Akakijaribu tena, wapi. Akachukua mkoba wake, akampita meneja aliyedhani anakwenda kunywa maji, akashuka ngazi mpaka barabarani. Ofisini hawajamwona tena.