Matofali Matatu

Baba yangu Lemburis hakuweza kukaa na ukuta kwa amani. Watu wengine hukaa nyumbani kwao wakapumzika. Yeye aliukodolea macho ukuta mpaka akaliona kosa, na akishaliona kosa siku imeharibika. Ugonjwa huo aliupata misheni, alikofyatua matofali kwa miaka mitatu, enzi za Wadachi, kabla ya vita vyao na Waingereza. Alirudi kwetu, mteremko wa magharibi wa Meru, amebatizwa, ana mwiko, ana timazi ya kupimia ukuta, na ana dharau.

Nyumba za Waarusha wenzake, zile za duara ambazo njia ya kuingilia hupinda kwanza kabla hujafika motoni, aliziita nyumba za konokono. Yeye alijenga ya pembe nne, vyumba viwili huku na viwili huku, na katikati ujia ulionyooka kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Ukisimama uani uliona migomba iliyo nyuma ya nyumba. Watu walikuja kuishangaa, naye akawa anawasimamisha mlangoni waione hiyo migomba, kana kwamba kwao hawana. Kwa mila zetu nyumba ni ya mwanamke, na mwanamke ndiye huijenga. Mama yangu Simaloi hakuulizwa hata dirisha likae wapi.

Mimba ya kwanza ilipofika mwisho, mama yake alipanda kutoka Olasiti kuja kumzalisha. Huyo ni bibi yetu Nkasiogi, ambaye sisi tulimwita koko. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja wala hawaonani wakila. Ndiyo heshima, na koko aliishika heshima hiyo kwa mikono miwili. Basi alifika uani, akaona ujia mzima mbele yake, na mwisho wa ujia baba amekaa kwenye kigoda, bakuli la uji limemganda mdomoni. Koko akajifunika shuka usoni, akageuka, akarudi Olasiti na mzigo wake mgongoni. Mama alijifungulia mikononi mwa jirani yetu Namelok, ambaye siku hiyo alikuwa hajawahi kuzalisha hata mbuzi. Mtoto hakulia.

Baba alisema ni mapenzi ya Mungu. Mama alisema ni ujia.

Mwaka uliofuata mama akashika mimba tena. Alikusudia kushuka Olasiti akazalie kwa mama yake, lakini mimba ilipofika miezi sita akaona damu, na Namelok akamkataza kutembea mbali. Ikawa hakuna njia nyingine: koko apande, tena kabla ya masika, maana mvua ikishika zile njia hazipitiki.

"Aje tu," baba alisema. "Mimi mila hizo nimeziacha. Tutakaa naye mezani."

"Wewe umeziacha," mama akamjibu. "Yeye hajakuambia ameziacha. Geuza nyumba, Lemburis. Mtoto wa pili simziki kwa ajili ya migomba."

Hapo baba akaingiwa na hofu ya kweli, na hofu yake ilikuwa ya mikono. Alichora vyumba kwa majivu sakafuni, akafuta, akachora. Asubuhi chumba cha kulala kilikuwa huku, mchana kimehamia kule, jioni kimerudi. Mama akawa anaruka mistari ya majivu na tumbo lake akitafuta sufuria. Kwanza baba alitundika ngozi ya ng'ombe katikati ya ujia. Mama akaitazama, akaifunua kwa kidole kimoja, akaenda zake.

Ndipo mama akabuni namna ya kupima. Alijifunika shuka kichwani, akatoka hadi getini, akageuka. "Sasa mimi ni Yeyo," alisema, yaani mama yake. "Wewe kaa unapokaa." Baba akakaa kigodani kama mtuhumiwa. Mama akaja polepole, hatua za koko kabisa, mkono mmoja kiunoni, akafika mlangoni.

"Nimekuona!"

Baba akatoboa mlango mpya upande wa juu, ili koko aingie bila kupita ujiani. Mama akazunguka na shuka lake. Njia ya kufikia mlango ule ilipita mbele ya dirisha la baba. "Nimekuona! Tena unakula!" Baba akaliziba dirisha. Mama akaingia safari hii salama, akafika chumba cha jiko, na kutoka jikoni kwenda chooni ilimbidi aukate ujia. "Nimekuona!" Majirani walianza kuja kusikiliza. Baba akakonda. Alikuwa akilala na timazi mkononi, na mimi namwonea huruma sasa, ingawa laiti ningekuwapo ningecheka na majirani.

Wingu la masika likaanza kukaa mlimani. Baba akabomoa meza yake ya misheni apate mbao za fremu, akafyatua matofali mengine, na kwa siku tisa akapandisha ukuta kuukata ujia katikati, kutoka sakafuni hadi darini, bila mlango. Nyumba ikawa mbili: ya juu, upande wa mlimani, yenye moto na kitanda cha mama, ya chini, yake peke yake. Na kila upande, ukiingia, ulikutana kwanza na ukuta mfupi, ukapinda. Mama alipita kote na shuka lake, akasimama, akasikiliza.

"Sikuoni," alisema.

Baba alikuwa amejijengea konokono, na alijua.

Namelok alishuka Olasiti kupeleka habari, na koko akapanda tena na mzigo ule ule. Alikaa siku kumi na moja kabla ya uchungu. Baba alimjua kwa kikohozi cha ugoro na kwa mchi kinuni; yeye alimjua baba kwa mluzi wake. Chakula cha baba koko alikiweka penye kona ya mlango wa upande wake, akakohoa mara mbili, akaondoka. Baba akija anakuta bakuli peke yake, la moto. Alisema hajawahi kula vizuri namna ile maishani mwake, na mama alimsikia.

Uchungu ulianza asubuhi, mvua inanyesha. Baba akaingia upande wake na huko akanaswa, maana ukuta alioujenga kwa ustadi wote haukumzuilia sauti hata moja. Alisikia kila kitu. Hatua nne mpaka dirisha lililozibwa, hatua nne kurudi. Alimwomba Mungu, akamlaumu, akamwomba radhi. Kufikia adhuhuri sauti ya mama ilikatika. Akangoja kilio cha mtoto. Hakikuja.

Akaupiga ukuta kwa viganja viwili. "Niambieni! Nani amekufa?"

Kofi dogo likasikika, na mtoto akalia kwa hasira, na nyuma ya kilio hicho sauti ya mwanamke mzee, neno la kwanza alilowahi kumwambia mkwewe.

"Hakuna aliyekufa, baba. Ni msichana. Na mama yake anadai maji."

Baba alikaa chini akalia. Kisha akakumbuka kwamba mlango wa upande ule si wake mpaka koko aondoke, na koko hataondoka leo wala mwezi huu.

"Nitamwona lini?" aliuuliza ukuta.

Koko akafikiri. "Fundi ni wewe," alisema. "Toa matofali."

Udongo ulikuwa bado mbichi. Aliingiza mwiko, akatoa tofali moja, la pili, la tatu, kimo cha kifua. Kisha akageuza uso pembeni, kwa heshima, yeye aliyesema ameziacha mila, akanyoosha mikono. Tunduni ikatokea mikono miwili mikavu, kidole gumba kimepakaa ugoro, imebeba dada yangu Hanna ndani ya ngozi laini ya mbuzi. Mikono hiyo haikumwachia mtoto mpaka ilipohakikisha ya baba imeshika.

Nyumba ile baba aliigeuza mara nne nyingine kabla hajazeeka, na kila alipouhamisha ukuta ule aliujenga upya na tundu lake. Sote watano tulipitia hapo. Koko alikufa Olasiti, na hadi anakufa hawakuwahi kukaa chumba kimoja. Mwaka wa tatu baada ya msiba, fundi mmoja kijana alikuja kupiga lipu, akachota udongo alizibe tundu lile. Baba akamnyang'anya mwiko.

"Acha hapo," alisema. "Huo ni mlango wa mama mkwe wangu."