Bango Lililoleta Rambirambi

Nilisafiri siku nzima kutoka Busia hadi Thika, nikiwa na miaka arobaini na moja, kusomea usanifu wa picha. Ili nifuzu, nilitakiwa kutengeneza bango la tamthilia litakalojaza ukumbi. Nilimpiga picha mwigizaji wetu mkuu, mama muuza mboga wa mtaa wa Kamenu, nikaiweka nyeusi na nyeupe, jina lake chini. Nikabandika bango mtaani kwake jioni; lilifanana kabisa na tangazo la kifo. Asubuhi majirani walifika kwake kuomboleza, wakiwa na sukari na majani ya chai.

“Ngai! Mungu wangu, umenizika nikiwa hai!” akaniambia.

Nikampiga picha nyingine hapo hapo, akicheka na waombolezaji wake. Hiyo ndiyo niliyoiweka kwenye bango jipya, nalo likajaza ukumbi. Nilifuzu, nikaondoka Thika moja kwa moja, nikijua kwa bango hilo mji wowote utanipa kazi.