Mwanzi Uliokaukia Jikoni kwa Nkambo

Jumapili iliyopita, katika maandamano ya Ekaristi parokiani kwetu Katuba, kijana aliyebeba bendera ya Bikira Maria aliushika mti wake chini kabisa, ukawa unamyumbisha huku na huku. Nilicheka katikati ya wimbo, Mungu anisamehe. Mikono yangu ya kizee ilikuwa imeshapanda yenyewe hewani, ikitafuta mahali pazuri pa kushika.

Maana mimi, rafiki yangu, niliwahi kuwa mrukaji.

Ilikuwa miaka ile Katanga ilipojitenga, nami nikiishi Kamalondo na nkambo yangu, mama mzazi wa baba. Barabarani kulikuwa na vizuizi vya askari, na siku nyingine tulisikia risasi. Lakini shuleni kwa mapadri, mwalimu wa mazoezi alituahidi kwamba sikukuu ya mtakatifu wa shule ikifika tutaruka juu ya kamba iliyofungwa juu hewani, kila mmoja akijinyanyua kwa mti mrefu, mbele ya wazazi wote. Mti pekee wa shule, uliotoka Ulaya, ulikuwa umevunjika, na mwenye duka la vitu hivyo alikuwa amefunga na kurudi kwao. Basi mwalimu akasema kila anayetaka kuruka alete mti wake.

Nilitaka kuruka kuliko nilivyotaka kula. Nikaanza na mkalitusi; ulikuwa mzito hata kukimbia nao sikuweza. Kisha nikakata mwanzi mtoni, nikaupeleka kwa jirani yetu seremala, mtu wa Kasai, ambaye vumbi la mbao zake ndilo lililojaza shimo letu la kuangukia. Aliugonga kwa kidole, akatega sikio.

"Iyi ingali na maji," akasema. "Mwana, unataka kuruka ao unataka kuoga?"

Akanifundisha kwamba mwanzi ukianikwa juani hupasuka. Dawa yake ni moshi, polepole, na kuugeuza kila jioni. Moshi tulikuwa nao jikoni kwa nkambo, ila mwanzi ulikuwa mrefu hata ncha yake ikatokea dirishani. Nkambo hakupenda kuona kitu kikikaa bure nyumbani mwake. Kesho yake nikakuta ameufungia samaki wa mto Luapula kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nkambo, samaki yako itatoka lini?"

"Ikikauka, na mti yako itakuwa imekauka. Unafukuzwa na nani?"

Kila jioni seremala alipita kuugeuza, akipewa samaki mmoja kwa kazi hiyo, akisema hajawahi kulipwa vizuri hivyo. Jioni ya mwisho alikuja na uzi wa washona viatu uliopakwa nta, akauzungushia mwanzi kwenye kila kifundo. Siku hiyo hakutania. Aliuweka mikononi mwangu, akaisogeza mikono yangu juu.

"Shika juu, mwana. Batu banashika chini kwa woga, kisha banashangaa habapandi."

Asubuhi mlango wake ulikuwa umefungwa. Watu wa Kasai walikuwa wakitishwa siku zile, wakihesabiwa wageni Katanga, na familia nyingi zilikimbilia kambi ya wakimbizi, pembeni ya mji. Mimi nilijua tu kwamba jirani yetu hayupo, na sikukuu ni kesho.

Sikukuu ilipofika, wenzangu walinusa hewa.

"Eh, mti ya samaki! Ulete na bukari!" wakapiga kelele, kana kwamba ugali tu ndio uliopungua.

Hata padri mkuu alicheka. Nikafanya ishara ya msalaba, nikashika juu, nikakimbia. Mwanzi ulijikunja, nikaamini umekwisha, kisha ukaninyanyua. Kamba ilipita chini ya tumbo langu bila kunigusa. Nikaangukia katika vumbi la mbao lililokuwa bado linanukia kiwanda cha seremala, na kwa mbali nikasikia vigelegele vya nkambo.

Jumapili iliyofuata nkambo alifunga samaki kwenye kitambaa, tukaenda kambini, mwanzi begani mwangu. Askari wa kizuizini aliunusa, akatupungia mkono tupite.

Tulimkuta seremala akihangaika kusimamisha kivuli kwa mashuka mawili na kijiti kifupi, watoto wake wameketi juani.

"Uliruka?"

"Niliruka, baba. Nilishika juu."

Alicheka kwa sauti ileile ya Kamalondo. Nkambo alinitazama, kisha akautazama mwanzi. Nikamkabidhi seremala. Akaulaza juu ya nguzo mbili, akatupia mashuka, watoto wakaingia kivulini. Mmoja akasema nyumba yao inanuka samaki, wote wakacheka.

Baadaye walipanda treni kwenda Kasai, na sikuwaona tena. Nkambo amelala kaburini miaka mingi, jiko lile limebomolewa, na sijui mwanzi uliishia wapi. Sikuruka tena kwa mti mwingine, wala sikuona haja. Namshukuru Mungu kwa mruko ule mmoja.

Baada ya baraka nilimwendea yule kijana wa bendera, nikaisogeza mikono yake. "Shika juu, mwana," nikamwambia.

Akashika. Bendera ikatulia.